Kutoka boriti ya sentimita 10 hadi Bunge la Japani: kisa cha mwanajimnastiki katika chaguzi nne

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa Kijapani aliyeshindana katika jimnastiki kwenye Olimpiki mbili, Roma 1960 na Tokyo 1964, akaingia Baraza la Juu la Bunge mwaka 1986 na kufikia uwaziri mwaka 2003. Jina lake, mahali alipozaliwa na majina ya jamaa zake tumeyaacha. Hapa tutamwita Mbunge. Miaka na taasisi tumezibakiza kwa sababu kisa chenyewe kimo humo. Mtu yuleyule, mwenye sifa ileile, alisimama mbele ya wapiga kura chini ya taratibu mbili tofauti za kuhesabu kura. Utaratibu mmoja ulimwinua kisha ukamwangusha, na mwingine ukamrudisha.

Usuli

Baada ya vita Japani ilianza siasa zake upya. Desemba 1945, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake, sheria ya uchaguzi ilibadilishwa na wanawake wakapata haki ya kupiga kura na kugombea. Aprili 10, 1946 wanawake 39 waliingia bungeni kwa mkupuo mmoja. Katiba iliyoanza kutumika Mei 1947 ilifuta baraza la makabaila na kuweka mahali pake Baraza la Juu linalochaguliwa na wananchi. Muhula wake ni miaka 6, nusu ya viti hugombewa kila baada ya miaka 3, na mgombea lazima awe ametimiza miaka 30. Waziri Mkuu anaweza kulivunja Baraza la Chini wakati wowote, lakini la Juu halivunjwi.

Sehemu ya viti vya baraza hilo iligombewa nchi nzima ikiwa jimbo moja: viti 50 kila uchaguzi, na mpiga kura akiandika jina moja tu. Utaratibu huo uliwafaa sana watu wenye majina. Mwaka 1968 mwandishi wa riwaya Ishihara Shintaro alipata kura zaidi ya milioni 3. Likazuka neno tarento giin, mbunge aliyeletwa na umaarufu wa jukwaani au wa televisheni. Lakini kuizunguka nchi nzima kulikausha mifuko na kuwalaza wagombea hospitalini, hata watu wakaligeuza jina zenkoku-ku, jimbo la nchi nzima, kuwa zankoku-ku, jimbo la ukatili. Sheria ya 1982 iliufuta utaratibu huo, na kuanzia uchaguzi wa 1983 viti hivyo viligawanywa kwa uwiano. Mpiga kura aliandika jina la chama, na chama ndicho kilichopanga mapema nani atangulie kwenye orodha. Umaarufu wa mtu mmoja ukapoteza thamani upande huo. Mwenye jina aliyetaka kulitumia jina lake ilibidi asimame katika jimbo la mkoa.

Sasa upande wa michezo. Mbunge alihitimu chuo kikuu cha ualimu jijini Tokyo na kuolewa na mwanajimnastiki mwenzake wa kiwango cha Olimpiki. Roma 1960 timu ya wanawake ya Japani ilimaliza ya 4. Oktoba 1964, akiwa na miaka 28 na mama wa watoto wawili, alisimama tena juu ya boriti ya upana wa sentimita 10, mita 1.2 kutoka chini, mbele ya umati wa nyumbani. Japani ilipata alama 377.889 na kuchukua shaba nyuma ya Umoja wa Kisovieti na Czechoslovakia. Hadi leo ni medali pekee ya timu ya wanawake wa Japani katika jimnastiki ya Olimpiki.

Namna alama hizo zilivyopatikana ina kazi kubwa mbele ya kisa, basi tuitazame kwa karibu. Timu ilikuwa na wachezaji 6 na vituo 4: kuruka farasi, fito mbili za kimo tofauti, boriti, na sakafuni. Kila kituo kilichezwa mara mbili, kwanza zoezi la lazima kisha la hiari, na alama ya juu ilikuwa 10. Katika kila zoezi zilihesabiwa alama 5 bora na ya sita ikatupwa. Wachezaji 5 mara vituo 4 mara mizunguko 2 mara alama 10 ni 400, na hiyo ndiyo ilikuwa dari. Aliyeteleza siku hiyo hakuizamisha timu, na aliyeng'ara aliwabeba wenzake, kwa sababu kila alama iliingia katika kapu moja.

Kilichotokea

Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki, yeye na mumewe walianzisha klabu ya michezo ya mtaani jijini Tokyo, mahali pa watoto na watu wazima wa kawaida kufanya mazoezi. Kati ya medali na karatasi ya kura ilipita miaka 22.

Julai 6, 1986, siku ambayo mabaraza yote mawili yalichaguliwa kwa pamoja, aligombea jimbo la Tokyo kwa tiketi ya LDP, Chama cha Kiliberali cha Kidemokrasia, kilichokuwa kinatawala. Tokyo ilikuwa na viti 4. Alishinda katika mwaka ambao chama chake kilipata ushindi mkubwa chini ya Waziri Mkuu Nakasone.

Mwaka 1989 LDP ilipigwa vibaya katika Baraza la Juu. Kodi mpya ya matumizi ya asilimia 3 iliyoanza Aprili na kashfa ya hisa ambazo kampuni ya Recruit iliwapa wanasiasa viliwachukiza watu, chama kikapoteza wingi wake, na wanawake 22 wakaingia, wengi wao wakibebwa na wimbi la Chama cha Kisoshalisti kilichoongozwa na Doi Takako. Yeye hakuguswa, kwa kuwa kundi lake la viti lilikuwa bado na miaka 3. Mwaka 1992 alitetea kiti na kushinda.

Julai 12, 1998 akaanguka. LDP iliweka wagombea wawili Tokyo, yeye na mwanamume mmoja, na wote wawili wakashindwa. Jimbo kubwa kuliko yote nchini likabaki bila mshindi hata mmoja wa chama tawala katika uchaguzi huo.

Miaka mitatu baadaye, Julai 29, 2001, alirudi kupitia orodha ya taifa na kushinda. Septemba 22, 2003 Waziri Mkuu Koizumi alimteua mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Usalama wa Umma, ambaye huwa waziri, na kumwongezea masuala ya usalama wa chakula, vijana na kupungua kwa uzazi. Alikaa hapo hadi Septemba 27, 2004. Mwaka 2007 muhula wake wa bunge ulikwisha na hakugombea tena.

Maamuzi, na hesabu iliyokuwa nyuma yake

Wajapani husema mgombea anahitaji "ban" tatu: jiban, kanban na kaban. Jiban ni ngome, watu wa mahali fulani walio wako. Kanban ni ubao wa jina dukani, yaani kujulikana. Kaban ni mkoba, yaani fedha. Mwanamichezo huja na kanban peke yake. Chama kinachomchukua hujaribu kumkopesha ngome na mkoba, na mtu asiye na kitu chake hubaki mdeni wa chama muda wote. Klabu ile ya mtaani ilikuwa jiban ndogo lakini ya kweli, watu wanaokutana naye kwa miguu yao wenyewe. Hapo ndipo tunapoona thamani ya ile miaka 22. Hatukubaliani na wanaosema alichelewa.

Uamuzi wa kumweka Tokyo mwaka 1986 unaeleweka kwa sheria ya wakati ule. Kwenye orodha iliyofungwa, ile iliyopangwa na chama mapema, jina lake lisingeongeza kura hata moja inayopimika. Tokyo, jiji ambalo lilimwona mwaka 1964, jina hilo lilikuwa kura. Kampeni za Japani nazo zinalipa jina kuliko hoja. Sheria ya 1950 inakataza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Zinabaki siku chache za gari lenye vipaza sauti kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, mabango kwenye mbao rasmi, na mikono yenye glavu nyeupe ikipunga kutoka dirishani. Kwa siku 17 gari linarudia jina, jina, jina.

Kisha kuna kituturi chenyewe. Mpiga kura wa Japani hawekewi picha wala alama ya kutia tiki. Anapewa penseli na karatasi yenye kisanduku kitupu, na katika kura ya jimbo lazima aandike jina la mtu kwa mkono wake. Karatasi si ya kawaida. Ni ya plastiki laini inayojifungua yenyewe ikiangukia sandukuni, ili wahesabuji wasipoteze usiku kukunjua. Kwa kuwa kuandika ni kazi ya kumbukumbu, wagombea wengi huandika majina yao kwenye mabango kwa herufi nyepesi za hiragana badala ya kanji. Anayelijua jina lako tangu 1964 hahitaji bango.

Uamuzi wa 1998 ndio unaostahili kuchunguzwa zaidi. Katika jimbo la viti 4 ambamo kila mtu ana kura moja, na kura za mgombea mmoja haziwezi kuhamia kwa mwenzake, anayepata zaidi ya moja ya tano ya kura ana uhakika wa kupita. Kwa kawaida hata chini ya hapo hupita, kwani kura hutawanyika. Chukua mfano: chama kina kura 26 katika kila 100. Kikiweka mgombea mmoja, anapita bila jasho. Kikiweka wawili wakagawana 13 na 13, na vyama vingine vinne kila kimoja kina mtu wa kura 15, wote wawili wanabaki nje huku chama chao kikiwa na kura nyingi kuliko chama kingine chochote jimboni. Wajapani wanaita hali hiyo tomodaore, kuanguka pamoja.

Basi kwa nini kuweka wawili? Kwa sababu idadi ya wagombea hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa makisio ya mwitikio wa wapiga kura. Uchaguzi wa 1995 ulivuta asilimia 44.52 tu. Watu wachache wakijitokeza, vyama vyenye ngome zilizopangwa hupata sehemu kubwa kuliko ukubwa wao. Lakini kabla ya uchaguzi wa 1998 sheria ilibadilishwa: vituo vilivyokuwa vikifungwa saa 12 jioni vikawekwa hadi saa 2 usiku, na masharti ya kupiga kura mapema yakalegezwa. Mwitikio ukapanda hadi asilimia 58.84. Walioongezeka wengi walikuwa wakazi wa miji wasio na chama, waliokasirishwa na uchumi uliodorora na kodi ya matumizi iliyopandishwa kutoka asilimia 3 hadi 5 Aprili 1997. LDP ilipata viti 44 kati ya 126, ikaambulia patupu Tokyo, Osaka, Aichi na Kanagawa, na Waziri Mkuu Hashimoto akajiuzulu.

Uamuzi wa 2001 ulifuata sheria mpya. Mwaka 2000 orodha ya taifa ilifunguliwa: mpiga kura anaweza kuandika jina la chama au la mgombea yeyote aliye kwenye orodha. Kila kura yenye jina la mtu huhesabiwa kwanza kwa chama chake ili kugawa viti kwa uwiano, kisha humpandisha mtu huyo ndani ya orodha. Chama sasa kilikuwa na sababu ya kutafuta majina makubwa, na yeye, aliyeanguka Tokyo, akawekwa kwenye orodha. LDP ilichukua viti 20 kati ya 48 vya uwiano mwaka huo, na kimoja kikawa chake.

Matokeo

Ukiangalia chaguzi peke yake, ni ushindi mara tatu na kushindwa mara moja. Kazi ya uwaziri ilimpima kwa namna nyingine.

Tume ya Usalama wa Umma ni mtoto wa vita. Baada ya 1945 polisi wa Japani walivunjwavunjwa ili wasirudi kuwa chombo cha serikali dhidi ya raia. Sheria ya Polisi ya 1954 iliwarudisha chini ya mfumo mmoja lakini ikaweka tume ya raia 5 juu yao, kila mmoja kwa miaka 5, na waziri akiwa mwenyekiti. Mwenyekiti huyo haamrishi polisi, na hapigi kura ila kura zikilingana. Watu wengi humwita "waziri wa polisi", na jina hilo linadanganya. Anajibu bungeni kwa mambo ambayo hana mamlaka ya kuyaamuru.

Miezi michache baada ya kuapishwa yaliibuka mambo ya polisi wa mkoa wa Hokkaido. Fedha za kuwalipa watoa habari zilikuwa zikitolewa kwa stakabadhi za uongo na kuwekwa katika mfuko wa siri. Februari 2004 ofisa mkubwa mstaafu alijitokeza hadharani na kukiri utaratibu huo. Tume ilikuwa inawasimamia polisi, lakini waliokagua vitabu vya polisi walikuwa polisi. Mwaka huohuo tume ilitoa kanuni za ukaguzi wa hesabu za polisi.

Upande wa chakula mambo yalifuatana bila kupumua. Desemba 2003 ng'ombe mwenye ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe alipatikana Marekani na Japani ikafunga milango kwa nyama ya huko. Januari 2004 homa ya mafua ya ndege ilizuka mkoa wa Yamaguchi, mara ya kwanza nchini tangu 1925. Februari mikahawa ya gyudon, bakuli la wali lenye vipande vyembamba vya nyama, iliishiwa nyama ya Marekani na watu wakapanga foleni kula bakuli la mwisho. Tume ya Usalama wa Chakula, yenye wataalamu 7, ilikuwa imeanza kazi Julai 2003 tu. Yenyewe hupima hatari. Kufunga mashamba na kuzuia bidhaa ni kazi ya wizara ya kilimo na ya afya. Hapa pia waziri alikuwa na jukumu la kueleza bila kuwa na mamlaka ya kufunga hata shamba moja.

Uchambuzi

Fundisho kubwa zaidi limo katika lile kapu la alama. Medali yake ilitoka katika mchezo ambao alama hujumlishwa. Jimbo la Tokyo la 1998 lilikuwa kinyume chake: watu wawili wa timu moja, na alama ya mmoja haimsaidii mwenzake hata kidogo, bali inampunguzia. Orodha ya 2001 ilirudisha kapu. Kura aliyopata kutoka kwa mtu wa kisiwa cha mbali cha Kyushu aliyemkumbuka tu kutoka utotoni iliisaidia timu hata kama yeye asingepita. Umaarufu wa mwanamichezo wa taifa umesambaa kama maji juu ya sahani, mpana lakini wa kina kifupi. Kwenye jimbo moja unakauka. Kwenye nchi nzima unajaa ndoo.

Msomaji wa Kenya atamkumbuka Wesley Korir, aliyeshinda marathoni ya Boston Aprili 2012 na kuchaguliwa mbunge wa Cherangany kama mgombea binafsi Machi 2013. Yule alikuwa na kina: jimbo la kiti kimoja, kwao, katika eneo linaloishi kwa mbio. Kuviweka visa hivi viwili katika kundi moja kwa sababu tu wote ni wanamichezo ni kukosea. Swali la kwanza liwe mahali kura zake zilipo kwenye ramani, na kama sheria inaziruhusu zijumlishwe.

Kilichofanya kazi pia ni kundi la viti alilomo. Kama angeingia mwaka 1983 angekutana na wimbi la 1989 ana kwa ana. Hilo ni bahati, wala hatutalipamba. Lakini chama kinachomwandaa mgombea mpya kinaweza kulihesabu: muhula wa kwanza wa miaka 6 unamvusha juu ya uchaguzi mmoja mzima wa katikati, na huo ni muda wa kujenga koenkai, chama cha wafuasi wa mgombea mwenyewe chenye orodha ya majina, michango na vikao vya mara kwa mara.

Hapo ndipo tunapoona kasoro. Baada ya mihula miwili Tokyo, jina lilipaswa kuwa limegeuka kuwa ngome ya kumtosha hata mwaka mbaya. Halikugeuka vya kutosha, na si lake peke yake kulaumiwa: jiji la watu zaidi ya milioni 11, ambamo wengi huhamahama, ni udongo mgumu kwa koenkai. Ndiyo maana kosa la kuweka wagombea wawili lilikuwa kubwa kuliko lingekuwa mkoani. Chama kilicho na ngome zilizopangwa kinaweza kugawa kura zake kwa amri, mtaa huu kwa huyu, mtaa ule kwa yule. Kura za jina hazigawanyiki kwa amri. Mtu anayemwandikia mwanajimnastiki hawezi kuambiwa safari hii amwandikie mwenzake.

Kuhusu uwaziri, wakosoaji walisema mwanamichezo hakuwa na ujuzi wa polisi wala wa chakula. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa kuwa tume ile iliundwa makusudi iongozwe na raia asiye polisi. Udhaifu ulikuwa kwenye muda. Mwaka mmoja na siku chache hautoshi kwa mtu yeyote kujua ofisi inayohifadhi stakabadhi ni ipi, na mawaziri wa Japani wa kipindi hicho walibadilishwa kwa kasi hiyohiyo kwa mazoea. Kanuni za ukaguzi za 2004 zilibaki zikitumika baada ya yeye kuondoka, nasi tunazihesabu miongoni mwa matunda ya kipindi chake, ingawa zilimwachia mkaguzi kuwa polisi yuleyule.

Mwaka 2007, alipoacha, LDP ilipata viti 14 tu vya orodha ya taifa. Koenkai ya jimbo hupokezwa mwana, mkwe au katibu, na ndivyo familia nyingi za siasa za Japani zinavyoendelea. Kura zilizoandikwa jina lake kwenye orodha ya taifa hazikuwa na mrithi wala anwani, na chama hakikuwa na daftari lolote lenye majina ya watu walioziandika.